Hesabu ya stoo kwenye mshahara wangu

Nimetunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Kariakoo, kwa miaka tisa sasa. Ukiniuliza nondo za milimita 12 zimebaki ngapi, nakujibu hujamaliza swali. Koki, misumari ya bati, ndoo za rangi, kila kitu kina kadi yake, na hakuna jioni naondoka kabla sijafunga hesabu. Lakini Januari 2025, shule zilipofunguliwa, sikuwa na fedha ya kumnunulia binti yangu Neema sare, viatu na madaftari ya darasa la tatu. Mama yake aliponiuliza mshahara wa Desemba umekwenda wapi, nilikosa jibu. Mengine nilikuwa namficha, lakini mengi kweli hata mimi sikuyajua.

Nikakopa Sh80,000 kwa hawa wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu. Marejesho Sh104,000 ndani ya siku 30, dhamana televisheni. Ukishindwa kurejesha yote, unatoa riba ya Sh24,000 peke yake na deni linabaki palepale, mwezi unaanza upya. Miezi miwili kabla, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, na pale dukani tulizungumza sana juu ya watu walioumizwa nazo. Mimi nikajiona salama kwa kuwa sikuwa nimekopa kwenye simu. Nilikuja kukopa kwa mtu anayeujua mlango wangu.

Kuandika matumizi nilishawahi kujaribu mara mbili. Mara zote mbili sikufika wiki, kwa sababu nilikuwa naandika usiku kwa kukumbuka, na niliyoyakumbuka hayakuwahi kulingana na kilichobaki mfukoni. Nikaona ni usumbufu usio na faida, nikaacha. Jioni moja ya Januari nikiwa nafunga kadi za stoo ndipo niliposhtuka: stoo sijawahi kuihesabu kwa kukumbuka. Nahesabu kilichopo kwenye rafu, halafu nakilinganisha na kile kadi inachosema kinapaswa kuwepo. Kilichopungua ndicho ninachokitafuta. Kwa nini fedha yangu niihesabu kwa namna nyingine?

Nikanunua daftari dogo linaloingia mfuko wa shati. Asubuhi naandika salio la kuanzia: noti na sarafu zilizopo mfukoni, salio la simu, basi. Mchana naandika kila kinachoingia na kila kinachotoka palepale kinapotoka, hata nikiwa nimesimama. Usiku nakaa kitandani, namwaga sarafu juu ya shuka, nazihesabu, naangalia salio la simu, nalinganisha. Siku ya kwanza upungufu ulikuwa Sh4,300. Nikakaa nayo kama ninavyokaa na mfuko wa saruji uliopotea. Boda ya asubuhi Sh1,500, soda Sh800, maji Sh700, hivyo nilivikumbuka. Zile Sh1,300 zilinitesa hadi nilipofungua ujumbe wa simu na kukuta ni makato ya kutoa Sh10,000 kwa wakala. Fedha ya simu tunayo hapa kwetu tangu 2008 na imeniokoa mara nyingi, sina ugomvi nayo. Ila noti unaiona ikipungua kwa macho. Salio la simu halipungui mbele yako mpaka ulitafute mwenyewe.

Kitu kingine nilichokitoa stoo ni safu ya saa. Hati yetu ya kutolea mzigo ina sehemu ya saa, maana mzigo ukipotea tunataka kujua nani alikuwa zamu. Nikaiweka na kwenye daftari langu, bila kujua kwamba hiyo ndiyo ingenifungua macho kuliko hesabu yenyewe.

Februari ukawa mwezi wa kwanza niliouandika wote. Mshahara mkononi ni Sh540,000. Kodi natenga Sh90,000, ya nyumbani naacha Sh8,000 kila siku, kwa hiyo mwezi ule nilibaki na Sh226,000 za kwangu. Nauli ilikula Sh36,000 na chakula cha mchana kwa mama ntilie Sh60,000, na hapo sikushangaa. Nilishangaa chini yake: boda za asubuhi Sh25,500, chipsi na soda za jioni kituoni Sh34,000, vifurushi vya intaneti Sh33,000, makato ya simu, yakiwemo ya ile huduma ya kukopeshwa salio lisipotosha muamala, Sh23,700. Na mikeka, yaani kubashiri matokeo ya mechi kadhaa kwa dau moja. Niliweka Sh41,000, nikashinda Sh12,500, kwa hiyo zilizokwenda moja kwa moja ni Sh28,500. Ongeza riba ya Sh24,000, jumla nilitumia Sh38,700 zaidi ya nilichokuwa nacho. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakopa kwa fulani na kumlipa fulani.

Jumapili ya tarehe 2 Machi, baada ya ibada, nikampa Mama Neema daftari. Sikuwa na maneno ya kumwambia, nikaona bora alisome mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa anafunua taratibu, akitumia kidole cha shahada kufuata mistari kama anavyomfundisha Neema kusoma. Alipofika Jumanne ya tarehe 11 Februari kidole kikasimama. Mstari ulisema: saa 1:10 usiku, mkeka, Sh3,000.

"Baba Neema," akasema, "siku hii ndiyo niliyokupigia kuomba elfu tatu ya dawa ya kikohozi ya mtoto. Ukaniambia huna."

Ilikuwa kweli. Alinipigia nikiwa kituoni nasubiri gari la Kimara. Nilikata simu na dakika chache baadaye nikaweka mkeka. Manchester City walikuwa wanacheza na Real Madrid usiku ule, nami niliwapa City. Hadi dakika ya 85 walikuwa mbele 2–1, wakafungwa mawili ya mwisho. Mpira ulipoisha ilikuwa inakaribia saa 7 usiku, na Neema alikuwa anakohoa chumba cha pili. Mama Neema hakusema lingine. Alifunga daftari, akanirudishia, akaenda kuwasha jiko. Mpaka leo nikiufikia ukurasa ule siwezi kuusoma haraka.

Usiku huo nilirudi kwenye safu ya saa na kuisoma kama ninavyofuatilia wizi wa stoo. Mikeka karibu yote niliiweka kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, kituoni, nikiwa nimechoka na nina njaa. Chipsi ziko saa hizohizo. Halafu nikaona vifurushi vya Sh1,000 vinavyonunuliwa saa 4 au saa 5 usiku: ni vya kufuatilia matokeo, maana kile cha mchana kilikuwa kimeisha. Na boda? Mwezi mzima nilipanda boda asubuhi 17, na asubuhi 14 kati ya hizo zilifuata usiku wenye kifurushi cha saa 4 kwenda mbele. Nilikuwa nachelewa kulala, nachelewa kuamka, halafu nashindwa kutembea zile dakika 25 hadi kituoni. Nilikuwa nadhani nina tabia nne za gharama. Ilikuwa ni mzigo mmoja unaotoka kwa hati tatu na nne. Mkeka wa Sh1,000 kwa kweli ulinigharimu Sh3,500: mkeka wenyewe, kifurushi cha usiku na boda ya asubuhi.

Nikakaa pia na hesabu ya mkeka wenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote. Tuseme kila mechi una uhakika nayo kwa asilimia 70, ambao ni uhakika mkubwa kwa mpira. Mechi mbili zote kutimia ni asilimia 49. Mechi nne ni asilimia 24. Mechi nane, ambazo ndizo nilizozoea kwa kuwa zawadi yake inavutia, hazifiki asilimia 6. Ndugu zangu mnaoweka mikeka ya mechi kumi na tano, chukueni kalamu mzidishe wenyewe.

Nilidhani baada ya Jumapili ile nimemaliza. Sikumaliza hata wiki. Jumamosi ya tarehe 8 Machi ilikuwa dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, na mtu anayefanya kazi Kariakoo anajua siku hiyo inavyokuwa: jezi kila kona, vijana wa mkokoteni wanabishana na wateja, hata wanunuzi wa bati wanauliza nani atashinda. Nikaweka Sh5,000. Mechi ikaahirishwa siku ileile, ikaja kuchezwa Juni, na dau langu likarudi kwenye akaunti. Nilipoiona ile Sh5,000 imerudi sikufurahi. Nilijiona kama mtu aliyekoswa na gari. Nikaitoa, nikaiandika kwenye upande wa kilichoingia, na palepale nikawaandikia huduma kwa wateja wanifungie akaunti kabisa. Wakafunga. Naomba nieleweke hapa: sikuacha kwa kuwa nina moyo mgumu. Niliacha kwa kuwa niliondoa njia.

Njia nyingine niliyoiondoa ni salio la simu. Sasa kila Jumamosi mchana natoa fedha ya wiki nzima mara moja, kwa wakala mmoja, nalipa makato mara moja. Ile ya nyumbani namkabidhi Mama Neema, ya kwangu naigawa kwenye bahasha saba, moja kwa siku. Salio la simu linabaki karibu sifuri. Ile huduma ya kukopa salio nilijiondoa. Nikitaka kununua kitu kwa simu saa 1 usiku lazima kwanza nimtafute wakala niweke fedha, na kwenye kumtafuta huko hamu inaisha. Intaneti nanunua kifurushi cha wiki Jumatatu asubuhi. Kikiisha Ijumaa, kimeisha.

Kosa moja nililifanya ambalo nalisema kwa sababu nawaona wengi wakilifanya. Nilijaribu kuacha chakula cha mchana ili niokoe Sh2,500. Wiki ile chipsi za jioni zilipanda kuliko wiki yoyote, na Alhamisi nilikula sahani mbili. Njaa ya saa 11 jioni ndiyo iliyokuwa inanipeleka kule. Nikarudi kwa mama ntilie, ila nikasogeza kula hadi saa 8, na mfukoni nikawa natembea na karanga za kukaanga anazonifungia Mama Neema. Chakula cha mchana siyo tabia mbaya, na mtu anayebeba mizigo hapaswi kukikata. Chipsi hazijaisha kabisa. Ijumaa tunakula nyumbani watatu, na zimo kwenye daftari.

Deni la kausha damu nililimaliza Mei. Kwangu zilitoka Sh58,000. Zilizobaki, Sh46,000, Mama Neema alizitoa kwenye mchezo wao wa genge, ule wa kuchangiana fedha kwa zamu, zamu yake ilipofika. Nilipotaka kushukuru akaniambia, "Andika kwanza." Nikaandika: deni kwa Mama Neema, Sh46,000. Nililimaliza mwishoni mwa Julai na alisaini mwenyewe pembeni.

Sare za Januari 2026 tulizinunua Novemba, Kariakoo, kabla bei hazijachangamka. Neema alivaa viatu ndani ya nyumba siku tatu mfululizo.

Sasa niko kwenye daftari la tatu. Asubuhi za mvua bado napanda boda na siwezi kusema sitapanda. Kuna wiki salio linafunga bila upungufu hata wa shilingi mia, na kuna wiki kama hii: tangu Jumatano kuna Sh700 haionekani, sarafu nimezihesabu mara mbili, ujumbe wa simu nimeupitia wote, na usiku huu naanza tena kutoka asubuhi ya Jumatano, mstari kwa mstari.