Hydra, kisiwa cha manahodha

Nimefika Hydra, nchini Ugiriki, kwa boti iendayo kasi kutoka bandari ya Piraeus. Magari binafsi hayaruhusiwi kisiwani, hivyo mizigo, kuanzia masanduku ya wageni hadi mifuko ya saruji, hubebwa na punda na nyumbu (chotara wa punda na farasi) wanaosubiri gatini. Nilimtazama mzee mmoja akifunga jokofu kwa kamba juu ya tandiko la mbao, akaikaza mara mbili, kisha akaanza kupanda ngazi za mawe bila haraka yoyote.

Majumba ya mawe yanayoizunguka bandari yalijengwa na manahodha na wenye merikebu waliotajirika mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, hasa kwa kupenyeza nafaka katika bandari za Mediterania zilizozingirwa na manowari za Waingereza wakati wa vita vya Napoleon. Utajiri huo, pamoja na mizinga waliyoifunga merikebuni ili kujihami na maharamia, uliwawezesha kuingia vitani mwaka 1821 dhidi ya Dola ya Osmania, yaani Waturuki walioitawala Ugiriki wakati huo, wakiongozwa baadaye na Andreas Miaoulis. Walitumia pia merikebu za moto, yaani vyombo vilivyosheheni vitu vya kulipuka na kuelekezwa kwenye meli za adui.

Moyo wa Miaoulis umehifadhiwa katika makumbusho yaliyo kando ya bandari, jambo lililonishtua (nakiri) kuliko mizinga yote. Mwenye muda mfupi asiikose nyumba ya Lazaros Koundouriotis, mmoja wa wenye merikebu hao matajiri, iliyo juu ya kilima na ambayo sasa ni makumbusho.