Bahari Tu

Neno la binti wa kaka lingali limenikwama kooni. Jumapili, tulipokuwa barazani kwa Bi Mkubwa tukimenya maembe, nilimweleza kwamba Uhuru, setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei ya angani, ambayo angahewa huizuia isitufikie huku chini, ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa lililosimama baharini hapo Ngomeni, pwani ya Kenya, na kwamba ilipewa jina hilo kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Akaniuliza roketi ilikuwa ya nani. Nikamwambia, ya Wamarekani. "Na jukwaa?" La Waitaliano. Akalamba maji ya embe yaliyomchuruzika hadi kiwikoni, kisha akasema: "Basi Ami, sisi tulitoa bahari tu."

Harusi ya binamu imepita salama, kaka amehamishiwa Garissa, na mimi bado nalijibu neno hilo peke yangu.

Juzi usiku nikachukua kalamu. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na aliyesimama kwenye ikweta huchukuliwa nayo kwa mwendo wa takriban mita 465 kwa sekunde. Ngomeni, iliyo nyuzi 3 hivi kusini, hupungukiwa na kama mita moja tu. Setilaiti ya aina ile huhitaji kilomita 7.6 hivi kwa sekunde ili isianguke, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki huondoka hapa ikiwa tayari na asilimia 6 ya mwendo huo kabla haijawashwa. Tena mbele yake hakuna mji wa kuangukiwa na vipande. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba obiti, yaani njia ya kuizunguka Dunia, iliyoambaa na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zilizonaswa na usumaku wa Dunia hushuka chini na kuvuruga vipokezi. Katika utulivu huo Uhuru iliiona nyota iitwayo Centaurus X-3 ikipwita kwa eksirei kila baada ya sekunde 4.8.

Nilitaka kumpigia simu usiku ule ule. Kisha nikayasoma tena niliyoandika, nikaona kwamba yote ni sifa za bahari. Mtoto aliuliza habari za watu, nami nimemkusanyia habari za mahali. Muhula ujao anachagua masomo, na fizikia hajaitaja hata mara moja.

Hayo kando, kisima kimeanza tena kutoa maji ya chumvi, na fundi wa pampu hapokei simu.