Mradi wa diwani ya mashairi: g na ritifaa zimeachana

Imekubali! "Ng'ombe" imetoka kwenye PDF bila sikio la g (kijimkia cha juu kulia) kugonga ritifaa (alama '). Kwa asiyepanga Kiswahili kwa TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, hili ni jambo dogo. Mimi nina diwani nzima iliyojaa ng'ambo, kung'ara na kung'oa.

Njia ya kuiandalia TeX fonti ni ileile ya zamani: AFM (faili ya vipimo vya fonti) na ec.enc (orodha ya herufi na nafasi zao, mpangilio uitwao T1) vinaingia programu ya afm2tfm, inatoka VPL (vipimo kwa maandishi), programu ya vptovf inazaa VF na TFM (vipimo ambavyo TeX yenyewe inasoma), mstari mmoja kwenye faili ya map inayoitambulisha fonti, basi. Upana sawa, fi inaungana, A na V zinasogeleana vizuri. Ni g na ritifaa tu zilizogoma.

Kilichonichosha ni kwamba jozi ilikuwemo kwenye AFM: KPX g quotesingle 45, yaani tenganisha g na ritifaa kwa vipimo 45. Mchoraji alishaifikiria! Lakini nikiirudisha TFM kuwa maandishi kwa tftopl, chini ya (LABEL C g) kuna KRN (marekebisho ya nafasi kati ya herufi mbili) kadhaa na hakuna hata moja ya O 47, nafasi ya ritifaa. Nikaishuku vptovf. Nikaendesha kpsewhich, inayoonyesha faili inayosomwa, huenda TeX inasoma TFM ya zamani. Nikafuta kila kitu nikazalisha upya. Wapi!

Kumbe ni quotesingle yenyewe. Nafasi ya 39 kwenye ec.enc, ndiyo O 47 kwa hesabu ya msingi wa nane, ni ya quoteright, ritifaa iliyopinda. Quotesingle ile iliyosimama wima haimo kabisa kwenye T1, na jozi inayotaja herufi isiyokuwemo afm2tfm inaitupa kimyakimya. Hata onyo hakuna. Vptovf nayo inapiga kelele kila mara kwamba imekadiria urefu wa baadhi ya herufi, jambo ambalo jicho halioni, kwa sababu TFM, muundo aliousanifu Lyle Ramshaw mwaka 1980, hairuhusu zaidi ya thamani 16 za urefu. Kelele pasipohitajika, kimya panapouma.

Nimeongeza KPX g quoteright 60 (ile 45 ilikuwa bado finyu kwa pointi 10). Nimeiweka kwenye AFM, si kwenye VPL, maana VPL inaandikwa upya kila nikizalisha. Hapo likazuka jingine: ritifaa ikisogea inaisukuma na o, neno likaonekana mawili, "ng' ombe". Ikabidi KPX quoteright o -30, na a, e, i, u vivyo hivyo. Sasa limeshikana.

Najua nitaambiwa nitumie fontinst badala ya afm2tfm. Inafanya kazi, sikatai, ila ni makro za TeX zinazotengeneza fonti. Kosa likitokea sijui nishike wapi. LuaTeX nayo, aina nyingine ya TeX, inasoma fonti za OpenType bila TFM, lakini kiolezo changu chote ni cha pdfTeX, aina ninayotumia, na sikivunji kwa ajili ya g moja. Tftopl ndiyo kipenzi changu: haina madoido, inakuonyesha kilichomo.

Leo ilikuwa zamu ya italiki. Imeahirishwa. Washairi wanakata silabi ili mizani itimie, n'na, s'oni, h'endi, kwa hiyo ritifaa inafuata herufi ambazo sikuzipangia. Nimeanza skripti ya awk inayopitia mashairi, inaokota kila jozi yenye ritifaa na kuitafuta kwenye LIGTABLE, orodha ya jozi ndani ya maandishi ya tftopl. N na s hazina kitu. H inayo, tena hasi, sijui kwa nini.