Bei ya Chini Huandikwa Kabla Ofa Haijafika

Jioni ya Jumatatu, tarehe 11 Januari 2021, nilipokea barua pepe kutoka kwa mtu wa Nairobi aliyetaka kununua mojawapo ya majina yangu ya vikoa (anwani za tovuti ninazozisajili ili niziuze), jina la maneno mawili ya Kiswahili yanayohusu usafirishaji wa mizigo, lenye kiishio cha .com. Alitoa dola 1,900 na akasema kwamba ofa yake ingedumu hadi Ijumaa. Jina hilo nilikuwa nimelisajili mwaka 2017 kwa bei ya kawaida, na katika daftari langu, kando yake, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba bei yake ya chini ni dola 1,500. Kwa hesabu yoyote ile nilipaswa kukubali usiku uleule. Badala yake nilinyamaza kwa makusudi, nikiamini kwamba ukimya wa siku mbili tatu ungemwonyesha kuwa sina shida ya pesa, naye angepandisha dau. Jumatano usiku, mkesha wa uchaguzi mkuu wetu wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima. Iliporudi Jumatatu iliyofuata, tarehe 18, nilikuta barua yake ya pili, iliyoandikwa Ijumaa mchana, akinishukuru kwa muda wangu na kunieleza kwamba kampuni yao imekwisha kuchukua jina jingine. Lile la kwangu nililiuza miaka miwili baadaye kwa dola 700.

Watu niliowasimulia habari hii huulaumu mtandao. Mimi siulaumu, kwa sababu nilikuwa na usiku wa Jumatatu, Jumanne nzima na mchana wote wa Jumatano, na muda huo wote simu ilikuwa mkononi mwangu. Kilichoniponza ni kwamba bei niliipanga nikiwa nimetulia, kisha ofa ilipofika nikaipanga upya huku moyo ukinienda mbio. Tangu wakati huo nimeshikilia kwamba bei ya chini ya jina huamuliwa siku ya kulinunua, na hupitiwa tena siku ya kulihuisha kwa ada ya mwaka. Siku ya ofa kazi inayobaki ni kufungua daftari. Najua wapo wenzangu wanaosema kwamba utaratibu huu unamfunga mtu mikono, na kwamba kila mnunuzi ana hali yake. Hilo ni kweli kuhusu bei ya juu, ambayo huweza kubadilika kwa kadiri ya mnunuzi, lakini bei ya chini inatokana na gharama zangu na thamani ya jina lenyewe, na mambo hayo mawili hayabadiliki kwa sababu mtu ameniandikia barua.

Gharama ndizo watu wengi wanaoanza hawazihesabu vizuri. Mtu hununua jina kwa dola 12, akaliuza kwa dola 400, akafurahi kwamba amepata faida ya dola 388. Mimi nina majina 120. Kila moja hulipiwa takriban dola 12 kwa mwaka, kwa hiyo kila mwaka hutoka dola 1,440, ambazo kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni tano, hata nisipouza kitu. Mwaka wa kawaida nauza majina mawili. Maana yake ni kwamba kila jina linalouzwa linabeba ada ya majina 60, yaani dola 720, na ukitoa sehemu ya dalali au ya soko lililoniletea mnunuzi, ambayo mara nyingi hufika asilimia 15 au 20, najikuta nahitaji kama dola 900 kwa kila mauzo ili nirudi pale nilipokuwa Januari. Ofa ya dola 400, kwa hesabu hiyo, ni hasara iliyovaa nguo za faida. Ada zenyewe pia hazikai mahali pamoja: bei ambayo Verisign, wenye rejista ya .com, huwatoza wasajili, yaani kampuni zinazotuuzia majina, ilikuwa dola 7.85 hadi Agosti 2021, ikafika dola 10.26 Septemba 2024, na ongezeko hilo hatimaye hutufikia sisi. Ndiyo sababu napitia daftari kila mwaka, na majina ambayo hayawezi kubeba mzigo huo nayaachia yafe yenyewe badala ya kuyalipia kwa matumaini.

Kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile, na naliona zaidi kwa vijana. Wamesikia kwamba mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliuza Voice.com kwa dola milioni 30, na tangu hapo kila jina lao wanaliona kuwa Voice nyingine. Lile ni neno moja la Kiingereza, fupi, linalofahamika dunia nzima, na mnunuzi wake, Block.one, alikuwa na fedha nyingi na mradi wa jina hilohilo. Jina la maneno mawili la biashara ya mbegu au ya vipuri vya bodaboda lina wanunuzi wachache, na bajeti zao ni za kwetu. Tuchukue jina ambalo nikimpata mnunuzi sahihi atalipa dola 3,000, na tuseme uwezekano wa kumpata ni asilimia 2 kwa mwaka. Kwa wastani jina hilo linaniletea dola 60 kwa mwaka, na nikitoa ada ya dola 12 zinabaki 48. Aliyeniletea ofa ya dola 800 leo ananipa kile ambacho jina hilo lingenipa kwa miaka zaidi ya 16. Nikikataa, sharti niwe na sababu nzito kuliko kusema kwamba naipenda sauti ya jina lenyewe.

Sababu nzito zipo. Mjomba wangu aliyeniingiza katika biashara alikuwa na duka Kikuubo, soko la jumla la Kampala, na kila mteja alipouliza bei, yeye kwanza aliangalia mikono: ikiwa mtu ameshika karatasi yenye orodha ndefu, huyo alikuwa mchuuzi wa Mbale au Lira aliyekuja kununua kwa bei ya jumla, na ikiwa ameshika mkoba wa nyumbani, huyo alitajiwa bei ya rejareja. "Usimwuzie mwenye orodha kwa bei ya mwenye mkoba, hatarudi," aliniambia, "na mwenye mkoba ukimpa bei ya jumla utafunga duka." Katika majina ya vikoa mikono haionekani, lakini barua huonyesha. Mchuuzi mwenzangu wa majina huuliza bei ya mwisho ya majina manne kwa sentensi moja, hatumii barua pepe ya kampuni, wala haelezi anataka kulifanyia nini jina. Mtu mwenye kampuni huuliza mambo ya kutumia: kuhamisha kunachukua siku ngapi, je, barua pepe zao zitaendelea kufanya kazi, je, wanaweza kupewa risiti. Kabla ya kujibu huwa natafuta neno lilelile chini ya .co.ug, .ug na .co.ke, viishio vya Uganda na Kenya, kisha naangalia kama kuna kampuni ya jina hilo iliyosajiliwa URSB, ofisi yetu ya kusajili kampuni. Nikikuta kampuni iliyo hai, yenye ofisi Ntinda au Industrial Area, inayotumia .co.ug na sasa inataka .com ili ivuke mpaka, basi ule uwezekano wa asilimia 2 niliouhesabu kwenye karatasi hauna kazi tena, kwa sababu mnunuzi sahihi ndiye aliyeandika. Hapo ndipo nakataa dola 800, kwa adabu, na kutaja bei yangu.

Uchunguzi huo una faida nyingine. Ikiwa kampuni ilikuwa na alama ya biashara kabla mimi sijalisajili jina, sina haki ya kujadiliana bei nao kana kwamba ni mali ya kawaida. Sera ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, ya kutatua migogoro ya majina, iliyopitishwa mwaka 1999, humtaka mlalamikaji athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba mwenye nalo hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya, na kulinunua jina hasa ili kumwuzia mwenye alama kwa bei inayozidi gharama zako ni mojawapo ya dalili za nia mbaya zilizotajwa waziwazi. Mlalamikaji akienda WIPO, shirika la kimataifa la mali za ubunifu linaloendesha mashauri hayo, hulipa dola 1,500 kwa shauri la mwamuzi mmoja, na kwa kampuni kubwa hiyo ni pesa ndogo. Majina ya namna hiyo hayafai kuwamo katika daftari tangu mwanzo.

Jambo gumu kuliko yote kwangu ni karo. Mihula yetu kwa kawaida hufunguliwa Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba, na nilipotazama kumbukumbu zangu za miaka sita niligundua kwamba majina yote matatu niliyoyauza chini ya bei ya daftari niliyauza ndani ya wiki mbili za kufungua shule. Moja lilikuwa na bei ya chini ya dola 1,200 nami nikapokea 350 kutoka kwa mchuuzi, huku karatasi ya mahitaji ya shule ya binti yangu ikiwa mezani, na godoro na ndoo bado havijanunuliwa. Simlaumu yule mchuuzi. Alinunua kwa bei niliyokubali. Lakini niliona kwamba anayeamua wakati huo hakuwa mimi, ilikuwa ada ya shule. Sasa sehemu ya kila mauzo inaingia SACCO kabla ya kitu kingine chochote, kwa ajili ya karo peke yake, na nawasihi wenzangu wa Kampala, Tororo na Arua wanaofanya kazi hii wafanye hivyo, kwa sababu wachuuzi wa nje wanaotuandikia wanajua kwamba kwetu dola 350 taslimu zina uzito mkubwa, nao huzitoa wakiwa na subira.

Bei ikiwa karibu na daftari lakini haijafika, huwa siachi mazungumzo yavunjike. Kampuni nyingi za kwetu zinaweza kulipa dola 2,000 kwa miezi kumi lakini haziwezi kutoa 1,200 kwa siku moja. Malipo ya awamu kupitia mshika amana, mtu wa tatu ambaye hulishika jina hadi malipo yaishe huku mnunuzi akilitumia, yameniokolea mauzo mawili ambayo zamani ningeyapoteza. Malipo ya mkupuo nayo hupitia kwa mtu wa tatu, ambaye hushika pesa kwanza. Msimbo wa kuhamisha jina siutoi kwa ahadi wala kwa picha ya ujumbe wa muamala. Ofa kubwa inayokuja na sharti kwamba nilipie kwanza cheti cha thamani kutoka tovuti fulani si ofa, ni wizi, na haistahili kujibiwa.

Ofa ya mwisho niliyoipata ilikuwa ya jina la maneno mawili linalohusu kahawa. Aliyeandika alitumia anwani ya kampuni, akasema wako Mbale, wanakaanga na kufungasha wenyewe, na bajeti yao ni dola 1,000. Daftari lilisema 1,100, na lile neno lilikuwa limesajiliwa chini ya .co.ug kwa jina la kampuni yao, baada ya mimi kulichukua la .com. Nilijibu baada ya saa mbili, nikataja 1,400 au 1,600 kwa miezi minane. Asubuhi alirudi na 1,250 kwa mkupuo. Sikusubiri hata chai iive. Nilikubali, pesa zikafika kwa mshika amana Jumanne, na Alhamisi jina lilikuwa kwao.