Kipeuo cha pili: tuache kuanza na namba 4

Ushauri niliokuwa nikipewa na kila mtu ulikuwa neno moja tu: kariri. Kariri vipeo vya pili vya 1 hadi 20, yaani kila namba mara yenyewe, na mtihani utaupita. Nikakariri, na kweli 13 mara 13 ikakaa kichwani kuwa 169. Ila nikiulizwa kipeuo cha pili cha 170, yaani namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inaleta 170, sina hata pa kuanzia. Ushauri huo unaniudhi hadi leo, maana unakupa majibu ishirini na kukuacha mikono mitupu kwenye swali la ishirini na moja.

Kinachoniudhi zaidi ni mfano wa kwanza anaopewa karibu kila mwanafunzi: kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Ni kweli, lakini 2 ni nusu ya 4! Mtoto anaondoka akiamini kipeuo ni kugawa kwa mbili. Mpe 16 atakujibu 8. Tena 2 mara 2 na 2 jumlisha 2 zote ni 4, kwa hiyo hata kipeo nacho anakichanganya na kuzidisha kwa mbili. Ukimfundisha mtu, anza na 9 au 25.

Mimi kilichonifungua ni kuchora. Nilichora mraba wenye upande wa 5 kwenye karatasi ya miraba midogo, nikahesabu iliyomo ndani: 25. Upande ni 5, eneo ni 25. Ukiwa na upande unatafuta kipeo, ukiwa na eneo unatafuta kipeuo. Kisha nikataka mraba huohuo ufike upande wa 6. Nikaongeza safu ya 5 kulia, ya 5 chini, na mmoja wa kuziba kona. Jumla 11, na 25 jumlisha 11 ni 36. Kutoka 36 hadi 49 ni 13, hadi 64 ni 15. Namba witiri zimejipanga zenyewe! Tangu hapo 21 mara 21 sikuhitaji kuikariri: 400, ongeza 20, ongeza 20, ongeza 1. Jibu 441.

Sasa ujanja ninaoupenda kuliko wote. Chukua 1764, bila kikokotoo. Ikate tarakimu mbilimbili kutoka kulia: 17 na 64. Kipeo kikubwa kinachoingia ndani ya 17 ni 16, kwa hiyo makumi ni 4. Namba inaishia na 4, na kipeo kinachoishia na 4 hutoka kwa 2 au 8 tu. Basi ni 42 au 48. Ipi? Pima kwa 45, ambayo kipeo chake ni rahisi: chukua 4 mara namba inayoifuata, 5, ni 20, bandika 25 mwishoni, unapata 2025. 1764 iko chini ya hapo, kwa hiyo ni 42. Njia ya vigawo tasa nayo inakufikisha (2 × 2 × 3 × 3 × 7 × 7, unachukua kimoja katika kila jozi), ila ni ndefu. Ujanja huu unataka namba iwe mraba kamili, yaani kipeo cha namba nzima. Ikiishia na 2, 3, 7 au 8, usihangaike, siyo.

Na ile 170? 13 mara 13 ni 169, karibu kabisa, kwa hiyo igawe kwa 13, unapata 13.077 hivi: ni kama mstatili wenye eneo la 170. Upande mmoja umezidi kidogo, mwingine umepungua, basi chukua wastani: 13.038. Zidisha yenyewe kwa yenyewe uone ulivyokaribia. Nilijaribu njia hiyo kwa 2 nikianzia 1.5, na kwa wastani wa pili tu nikawa na 1.4142. Kuna kibao cha udongo cha Wababeli, cha zaidi ya miaka 3,600 iliyopita, chenye kipeuo hichohicho kikiwa sahihi hadi desimali tano. Nilishangaa kweli.

Angalieni pia kipeuo cha 9 jumlisha 16. Ni 5, si 7: jumlisha kwanza, ndipo utafute kipeuo. Na anayekwambia kipeuo lazima kiwe kidogo kuliko namba yenyewe, mpe 0.25. Kipeuo chake ni 0.5. Akibisha, mchoree mraba wenye upande wa 1, ndani yake mwingine wenye upande wa nusu, ahesabu mwenyewe inaingia mingapi: minne.