Kobe wa Mwaka wa Mtunya

Juzi kitinda mimba wangu karudi shule ulimi mwekundu, midomo myekundu, vidole vyekundu, na alama mpaka kwenye kola ya shati. Ubuyu. Ile mia mbili ya andazi kainunulia ubuyu wa Zanzibar pale gengeni. Sikumgombeza, kwa sababu kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaniuliza: "Mama, mbuyu wa ubuyu huu uko wapi?"

Nikamwonyesha mbuyu wetu, ule wa upande wa reli.

"Huo wake mweupe," akasema. "Mimi nauliza mbuyu wa huu mwekundu."

Nikaliacha sufuria kwenye karai na mapovu yake, nikakaa kwenye kigoda. Mama yangu aliuliza swali hilohilo, kwa uzito uleule, siku aliyosimama Darajani, Unguja, akiwa na miaka karibu sabini na ubuyu umemjaa kiganjani. Ilikuwa Agosti 2014.

Safari yenyewe niipitishe haraka. Basi la alfajiri kutoka Dodoma, Gairo, Morogoro, foleni ya Dar, kulala kwa ndugu, asubuhi boti. Mama hakuwahi kuiona bahari. Ndani ya boti alifumba macho, akaomba kwa Kigogo tangu bandari moja mpaka nyingine, na tulipoteremka alikanyaga gati mara tatu kwa kisigino kabla ya kuamini kwamba ni ardhi. Mdogo wangu, wakati huo akifanya kazi za boti kule, alitupokea akiwa na haraka. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imetia nanga tangu alfajiri, nyeupe, ndefu kuliko mtaa wetu, na mji mzima ulikuwa umeamka kwa ajili yake. Papasi, wale vijana wa kuwaandama watalii, walikuwa wamejaa kila kona. Wageni wa meli wana siku moja tu, na katika siku hiyo wanataka viungo, kobe na mchanga mweupe, halafu saa kumi jioni wawe wamesharudi melini. Mdogo wangu alitupatia nafasi pamoja na wageni sita, bei nafuu, kwa sharti kwamba tutakwenda kwa saa yao.

Asubuhi tulipelekwa Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Mama alipapenda. Hakujua kwamba pilipili manga ni mmea unaotambaa juu ya mti mwingine, na alimwonea huruma ule mti. Alitafuna gamba la mdalasini, akanusa mchaichai, akapasuliwa kungumanga mbichi akaona ule wavu mwekundu unaoishika mbegu. Alipoambiwa kwamba karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kabla haijafunguka, halafu inaanikwa juani kwenye majamvi, aliuliza ni siku ngapi. Kijana akamwambia siku kama nne, tano, jua likiwa kali. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi aliyekutana na fundi mwenzake. Mtu aliyeanika mlenda na mboga za majani maisha yake yote ana haki ya kuuliza hivyo.

Tukarudi mjini, na wageni wakapewa dakika chache za kuzunguka sokoni Darajani. Hapo ndipo kwenye ubuyu. Mama alionja, akautoa mdomoni, akautazama, akauliza mbuyu wa ubuyu huu uko wapi.

"Mbuyu uko kwenu, bi mkubwa," muuzaji akamjibu. "Ubuyu watoka bara, Dodoma huko. Sie twapika tu. Sukari, iliki, rangi, chumvi, na pilipili kidogo."

Nilitarajia afurahi, kwa sababu mimi nilifurahi. Mama aliurudisha mdomoni, akaumung'unya polepole mpaka ikabaki mbegu tupu, kisha akasema, si kwa muuzaji wala kwangu: "Huu waliula Mtunya."

Wa Ugogo wanielewa. Kwa wengine, Mtunya ndilo jina ambalo wazee wetu waliipa njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita vya wakubwa vilipita juu yetu. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja wakachukua katika kilichobaki, kisha mvua nazo zikakataa. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa eneo hilo, 30,000 walikufa. Nyumbani hesabu hizo sikuwahi kuzisikia. Neno lilikuwa Mtunya tu, na mtoto aliyemwaga chakula aliambiwa kwamba yeye hakuiona. Kwamba mama yake mama yangu aliiona, akiwa mtoto wa miaka sita au saba, nilikuwa nalijua. Zaidi ya hapo sikujua, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna zaidi.

Mdogo wangu akapiga mluzi. Tukaenda ufukweni, tukavaa maboya, tukapanda.

Kisiwa cha Changuu hakiko mbali, kilomita kama tano na nusu kutoka Mji Mkongwe, na jina lake ni la samaki wa maji yale. Kijana wa kutembeza wageni alieleza kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mama akarudia kwa Kiswahili, na kwa heshima ile namshukuru mpaka leo. Alisema hapo zamani waliwekwa watumwa. Baadaye, mwaka 1893, kisiwa kikanunuliwa na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, akajenga jela ambayo haikupata kufunga mfungwa hata mmoja. Ikageuzwa mahali pa kuwatenga wasafiri wa melini kwa hofu ya homa ya manjano. Wageni walipiga picha za kuta. Mama aliuliza jambo moja tu: wale watumwa walitoka wapi.

"Bara, bibi."

Hakuuliza tena. Njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watemi wetu walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, ili misafara inywe maji ya visima vyetu. Mama alilelewa katika hadithi hizo. Sijui alikuwa akifikiria upande gani wa hadithi aliposimama pale ameshika ukuta.

Kisha kobe.

Nataka niliseme hili taratibu. Uwanja una miti, kivuli chake kina baridi, na harufu yake ni ya majani yaliyokanyagwa. Kobe wametapakaa kama mawe ya kwetu yale makubwa, mpaka jiwe moja liinue shingo. Kila mmoja ameandikwa umri wake mgongoni kwa rangi ya buluu. Wageni walienda kwa wale wanaotembea. Mama alimchagua mmoja aliyelala peke yake chini ya mti, mkubwa, gamba limechakaa, ngozi ya shingo imekunjamana kama kiwiko cha mzee. Aliikusanya kanga yake, akachuchumaa mbele ya uso wake kabisa, akamwamkia.

"Mbukwenyi."

Alisema kama anavyosema akifika mlangoni kwa watu. Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye umri kama wake, alishusha kamera.

"Mpe mchicha, bi mkubwa," yule kijana akasema. "Haumi. Ila kidole kiweke mbali."

Mama akapokea shina moja, akalinyoosha. Kobe alifungua jicho. Ilimchukua muda mrefu kuamua. Kisha shingo ikatoka, ikatoka, ikaendelea kutoka, na mdomo ule usio na meno ukakata jani kwa sauti ndogo kavu. Mama akampa la pili. Kijana akamwonyesha namna ya kumkuna chini ya shingo, na mama alipomkuna, mnyama yule mzito kuliko magunia mawili ya mahindi alijiinua kwa miguu yake yote minne, akasimama wima ameinua uso, amefumba macho. Mama naye akafumba. Nilisimama nyuma yao nimeshika viatu vya mama na mkoba na chupa ya maji, na nikaona mkono wake ukitambaa juu ya lile gamba mpaka kwenye namba, ukaifuata namba kwa kidole. Mama hakusoma shule, lakini namba alizijua vizuri.

"Walikuja hapa mwaka gani?" akauliza.

"1919, bibi. Walikuwa wanne, zawadi kutoka Shelisheli. Hawa wengine wamezaliwa, wengine wameletwa baadaye. Walifika kama mia mbili, wakaibiwa sana, mwaka 1996 wakabaki saba. Sasa tunawalinda."

Mama hakusikia habari za wizi. Alikuwa amebaki kwenye mwaka. Nilimwona akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado kwenye gamba.

"Huo ni mwaka wa Mtunya," akasema. Akamtazama kobe. "Kumbe wewe na mama mlipelekwa ugenini mwaka mmoja."

Nikamwuliza mama gani.

"Mama yangu. Bibi yako. Alitolewa. Baba yake alimpeleka kwa watu wenye chakula, akapewa vikapu viwili vya mtama, wengine wakala wakapona. Alikaa huko. Walikuwa wakimwita kwa jina jingine. Mpaka siku moja..."

Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa anaita. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na bado tulikuwa hatujafika Nakupenda, lile fungu la mchanga ambalo huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Wageni walikuwa wamelilipia na saa kumi yao ilikuwa inakaribia. Wote walikuwa wameshateremka gatini. Nikasema, na nakumbuka nilivyosema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake: "Mama, boti inaondoka. Utanimalizia njiani."

Akanitazama. Akamwekea kobe shina la mwisho mbele ya mdomo, akajiinua kwa kushika gamba lake kama anavyoshika bega la mtu, akavaa viatu.

Nakupenda ni pazuri, sina cha kupunguza. Mchanga ni mweupe mpaka unaumiza macho, maji ni ya rangi ambayo sina jina lake. Wageni waliogelea. Kulikuwa na nanasi na tikiti na pweza wa kuchoma, na mama alikula pweza bila kuuliza ni nini. Alisimama majini mpaka vifundoni, amekunja kanga, akitazama mchanga ukipungua pande zote mpaka ukabaki kama uwanja wa nyumba moja. Nilidhani amechoka. Jioni tukala urojo Forodhani, mdogo wangu akatuchekesha, tukalala.

Njiani kurudi, karibu na Gairo, nilikumbuka nikamwambia: mama, malizia ile habari ya bibi. Alikuwa ameegemea dirisha. Akasema, "Tutaongea, mwanangu." Akalala, au akafumba macho.

Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Nilikuwa naenda kwake karibu kila mwezi. Tulikaa jikoni, tukachambua mlenda, tukaongea habari za kila mtu aliye hai. Sikuuliza. Nimejaribu kujieleza kwa nini, na kila maelezo ninayoyapata yana ukweli nusu. Kazi zilikuwepo, watoto walikuwepo. Labda niliogopa kusikia kwamba babu mzaa bibi, ambaye sote tunalibeba jina la ukoo wake, aliweka binti yake kwenye mizani pamoja na mtama. Labda niliona aibu kwa lile neno langu la boti. Au yeye ndiye aliyeamua kwamba alishaisema kwa aliyetaka kumwambia, na aliyetaka kumwambia hakuwa mimi.

Juzi, baada ya kumweleza mtoto habari yote hiyo kadiri ninavyoijua, akauliza tena, kwa sababu ndivyo alivyo: "Sasa alirudije nyumbani?"

Nikawapigia mama wadogo. Aliyeko Mvumi anasema mjomba wake ndiye aliyemfuata mvua ziliporudi, akamkomboa kwa mbuzi wawili. Aliyeko Kongwa anasema hapana, hakuna aliyekwenda. Alitoroka mwenyewe, akatembea siku nyingi akiulizia njia, na alipofika mama yake hakumtambua mpaka alipotaja jina lake la kwanza. Kila mmoja ana hakika na lake. Nikamwuliza wa Kongwa lile jina jingine, la ugenini, lilikuwa lipi. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akasema, "Hilo dada ndiye aliyeambiwa. Hakukwambia?"

Mtoto amechagua ile ya kutembea. Jana nilimkuta uani na kopo la rangi tupu, amelijaza udongo, ameshindilia mbegu tatu za ule ubuyu. Anataka kuona kama utaota mwekundu. Mbegu zile zimepikwa, sidhani kama zitaota, na bado sijamwambia. Asubuhi na jioni anazimwagilia kwa kikombe chake cha chai.