Jinsi Nilivyojifunza Kula Mboga Ukubwani

Hadi nilipofikisha miaka 31, mboga nilizokula bila kushurutishwa zilikuwa mbili tu, karoti mbichi na njegere, na njegere zenyewe zilipaswa kutenganishwa na kila kitu kingine sahanini. Kabichi, spinachi, brokoli, bamia na biringanya sikuzitia mdomoni. Nikipakuliwa chakula chenye vipande vya kitunguu au pilipili hoho, nilivichambua kimoja kimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, na iliposhindikana kuvichambua nilikiacha chakula chote. Watu wa karibu nami waliita tabia hiyo deko. Niliwaamini kwa miaka mingi, na sasa ninalijutia jambo hilo, kwa kuwa anayeamini kwamba tatizo lake ni deko hutafuta dawa moja tu, nayo ni kujilazimisha.

Kilichonitoa katika hali hiyo ni tumbo. Nilikuwa nikikosa choo kwa siku nne au tano mfululizo, na daktari niliyemwendea hakuanza na dawa, bali aliniomba nimtajie kila nilichokula kwa siku tatu zilizotangulia. Nilitaja mkate, wali, nyama, viazi vya kukaanga na chai. Aliponiuliza mboga ni ipi hapo, nilijibu viazi. Alinieleza kwa upole kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwamba viazi havihesabiwi katika kiasi hicho kwa kuwa ni chakula cha wanga. Niliporudi nyumbani niliiweka karoti yangu ya siku kwenye mizani ya jikoni, ikasoma gramu 60.

Wiki hiyo hiyo nilichemsha sufuria nzima ya brokoli, nikaketi nayo mezani na kuapa kwamba sitanyanyuka hadi iishe. Nilimeza vipande vitatu bila kutafuna, cha nne kikanitapisha. Kwa miezi miwili iliyofuata harufu tu ya brokoli ilinitia kichefuchefu, na huo ni ubaya mkubwa wa kujilazimisha: mwili hukihusisha chakula na kutapika, kisha hukikataa kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Nilianza upya kwa njia tofauti. Nilichukua daftari nikaandika jina la kila mboga niliyoikataa, na mbele yake nikajitaka nieleze kwa usahihi ni kitu gani hasa kinachonikera, bila kuruhusiwa kuandika "siipendi". Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili. Nilipomaliza niliona kwamba sikuwa na chuki moja dhidi ya mboga zote. Brokoli ilinikera kwa uchungu wake, kabichi kwa harufu, bamia kwa utelezi, nyanya kwa ule ulaini wenye mbegu katikati, na spinachi kwa namna inavyoyafanya meno yakwaruze kana kwamba yamepakwa chaki. Yalikuwa matatizo matano, na kila moja lilihitaji ufumbuzi wake jikoni.

Kuhusu uchungu, nilipata faraja katika kusoma. Mwaka 1931 mwanakemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa akishughulika na unga wa kemikali iitwayo PTC, unga ukapeperuka hewani, na mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu ilhali Fox mwenyewe hakuhisi ladha yoyote. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na jeni iitwayo TAS2R38, na kwamba mboga za jamii ya kabichi na brokoli zina kemikali zinazohisiwa kwa njia hiyo hiyo. Sijapimwa jeni, kwa hiyo sidai kwamba hiyo ndiyo sababu yangu. Lakini kujua kwamba watu wawili wanaweza kutafuna tawi moja la brokoli na kuonja vitu viwili tofauti kuliniondolea aibu niliyoibeba tangu utotoni. Jambo jingine nililojifunza ni kwamba chumvi kidogo huufunika uchungu. Nilijaribu mwenyewe kwa kugawa brokoli ya mvuke katika visahani viwili, kimoja kikavu na kingine chenye chumvi kidogo, matone ya limau na mafuta. Cha kwanza sikukiweza. Cha pili kilikuwa na uchungu bado, lakini ulikuwa uchungu wa mbali, kama wa chai iliyokolea, na chai ninaipenda.

Kabichi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Niliijua ikiwa imechemshwa hadi kuwa ya kijivu, na harufu ile iliyojaa nyumba nzima ilinifanya niamini kwamba kabichi ndivyo ilivyo. Kumbe kabichi ina kemikali zenye salfa, na kadiri inavyokaa motoni ndani ya maji ndivyo zinavyovunjika na kutoa gesi zenye harufu nzito. Nilichukua robo ya kabichi, nikaikata nyembamba kama nyuzi, nikaacha kikaango kipate moto sawasawa kabla ya kutia mafuta, kisha nikaitandaza bila kuirundika na bila kuifunika. Kwa dakika moja nzima sikuigusa. Ilianza kulialia, kingo zikageuka rangi ya kahawia, na nilipoigeuza kwa mwiko harufu iliyonifikia ilikuwa ya utamu, karibu na ya kitunguu kilichokaangwa vizuri. Baada ya dakika nne niliiepua ikiwa bado inatoa sauti inapotafunwa. Nilikula vijiko vitatu nikiwa nimesimama pale pale jikoni, na hakuna aliyeniambia nile.

Bamia nilizikata vipande vikubwa, nikazikausha kwa kitambaa na kuzichoma katika oveni kali hadi utelezi ukapungua. Nyanya nilizitoa mbegu, na spinachi niliitumbukiza katika maji ya moto kwa muda mfupi na kuikamua kabla ya kuikaanga.

Upishi peke yake haukutosha, kwa sababu hata chakula kilichopikwa vizuri hubaki kigeni hadi ulimi ukizoee. Watafiti wa ulaji wa watoto wameona kwamba mtoto huenda akahitaji kuonjeshwa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, nami niliamua kujipa subira ile ile wanayopewa watoto. Sharti langu lilikuwa kipande kimoja chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, mara tatu au nne kwa wiki, wakati nina njaa kiasi, pamoja na chakula ninachokipenda, na ruhusa kamili ya kukitema. Ruhusa hiyo ndiyo iliyonipa ujasiri wa kutafuna. Kila nilipoonja niliweka alama moja daftarini. Brokoli ilichukua alama 11. Hadi ya sita hakuna kilichobadilika, na nusura niache. Katika ya tisa niligundua kwamba nilikuwa nimekwisha kumeza kabla sijakumbuka kujiandaa.

Kuna mambo mawili niliyoyakosea. Kwa muda nilisaga mboga na kuzificha ndani ya mchuzi, na ingawa tumbo lilinufaika, ulimi haukujifunza lolote, kwa kuwa hauwezi kukizoea kitu usichokitambua. Vilevile, nilipoanza kufurahia niliongeza mboga na maharage kwa pupa ndani ya wiki moja, tumbo likajaa gesi na kuniuma. Nyuzinyuzi huongezwa polepole, pamoja na maji ya kutosha.

Ningependa pia asomaye haya ajue kwamba baadhi ya watu wana ugumu unaozidi uteuzi wa chakula: wanapungua uzito, wanaingiwa na hofu ya kula, au wamebakiwa na vyakula vichache sana. Hali hiyo ilitambuliwa kama ugonjwa, kwa jina la ARFID, katika mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, na matibabu yake yanahitaji wataalamu, wala si daftari kama langu.

Sasa ni mwaka wa tatu. Choo kimekuwa cha kawaida, na siku nyingi mizani huzifikia zile gramu 400 nikijumlisha matunda. Biringanya bado linanishinda kwa ule ulaini wake wa sifongo. Juzi nililikata vipande vyembamba, nikavitia chumvi, nikavikausha na kuvikaanga hadi vikawa vikavu ukingoni. Nilitafuna kimoja, nikakitema nusu, nikaweka alama ya saba.